Nikibadilisha oili ya pikipiki mwenyewe, naokoa kiasi gani?

SWALI: Habari za kazi, fundi. Naendesha bodaboda hapa Dodoma, pikipiki ya Kichina ya cc 125, natembea kama kilomita 120 kwa siku, siku 6 za wiki. Oili nabadilisha mara 2 kwa mwezi. Gereji wananichaji 14,000: oili ya lita moja 11,000, ufundi 3,000. Nimeulizia vifaa: spana 5,000, beseni 3,000, faneli 1,000. Je, nikifanya mwenyewe inalipa? Pia shemeji yangu wa taksi ana galoni ya lita 4 ya oili ya gari, aliinunua 32,000. Naona lita inaangukia 8,000. Naweza kuitumia?

JIBU: Nzuri, ndugu yangu. Umekuja na bei zako mkononi, kwa hiyo tupige hesabu hizo hizo.

Mara 2 kwa mwezi ni mara 24 kwa mwaka. Ufundi wa 3,000 mara 24 ni 72,000. Toa vifaa 9,000, ambavyo unanunua mara moja tu. Toa pia washa ya boliti ya kumwagia oili, ile pete laini ya shaba au alumini. Ukiipata kwa 500 na kuweka mpya kila mara, ni 12,000 kwa mwaka. Unabaki na 51,000 mwaka wa kwanza na 60,000 mwaka unaofuata. Kwa hiyo inalipa, ila ujue kwamba hapo umegusa sehemu ndogo ya gharama yako. Oili yenyewe inakula 264,000 kwa mwaka.

Ndiyo maana nakuomba uanze na kitabu cha pikipiki yako. Kwa mwendo wako unafanya kama kilomita 37,400 kwa mwaka, maana yake unamwaga oili kila baada ya 1,560 hivi. Tuseme kitabu kinaruhusu 2,000 au zaidi, na oili unayoweka ni halisi, yenye daraja lililoandikwa humo. Ukifika 2,000 utabadilisha kama mara 19 badala ya 24. Hizo mara 5 kwa 14,000 ni 70,000, karibu sawa na hela yote ya ufundi, na hujashika spana. Lakini kuwa mwangalifu. Vumbi, abiria wawili na mizigo mizito hufupisha maisha ya oili, na injini yako inapozwa kwa upepo ikiwa na kama lita moja tu ya oili, ambayo inahudumia pistoni, gia na klachi kwa pamoja. Usivuke kilomita za kitabu, na pima kiwango cha oili kila wiki.

Sasa hatari. Boliti ya kumwagia oili ni ya chuma, na inaingia kwenye alumini. Ukiianza ikiwa imepinda, au ukiikaza kwa nguvu zako zote ukiogopa isivuje, thredi za alumini, yaani ile mizunguko ambamo boliti inajifunga, zinaliwa. Hapo utampelekea fundi wa mashine azichonge upya au aweke thredi za kupachika, na siku hiyo hubebi abiria. Hilo kosa moja linaweza kumeza akiba ya miezi mingi. Ianze boliti kwa vidole mpaka ifike mwisho bila kugoma, kisha spana ikaze kiasi tu, washa ibanwe. Tumia spana ya ringi inayokaa sawasawa kwenye kichwa cha boliti. Pikipiki nyingi za aina yako ni namba 17, lakini jaribu yako kabla hujalipa hiyo 5,000.

Fanya kazi jioni ukitoka kijiweni, injini ikiwa na joto lakini haiunguzi. Simamisha pikipiki kwa stendi ya kati, toa dipstiki (kijiti cha kupimia oili), ndipo ufungue boliti ya chini. Kama injini yako ina wavu wa kuchujia, uoshe kwa petroli mbali na moto na uukaushe.

Kosa jingine naliona kila siku hata gerejini: kumimina kopo zima kwa sababu limeandikwa lita moja. Vitabu vingi vinatoa vipimo viwili, kimoja cha kubadilisha oili na kingine cha injini iliyofunguliwa yote, kwa sababu oili fulani hubaki ndani. Honda CG125, ambayo injini nyingi za Kichina zimefuata muundo wake, huchukua lita 0.9 ukimwaga tu. Oili ikizidi inatoa povu na kusukumwa kwenye bomba la kupumulia mpaka kwenye chujio la hewa. Weka mililita 800 kwanza, washa injini dakika chache, zima, subiri oili ishuke, upime, ndipo uongeze kidogo kidogo.

Kuhusu galoni ya shemeji, soma maandishi ya mgongoni mwake. Klachi ya pikipiki yako inaogelea kwenye oili ya injini, na baadhi ya oili za gari zina viungo vya kupunguza msuguano ambavyo vinafanya klachi iteleze. Ukiona JASO MA au MA2, alama ya oili inayofaa klachi ya aina hiyo, na mnato (uzito wa oili) uliotajwa kwenye kitabu chako, tumia bila wasiwasi. Ukiona Energy Conserving au Resource Conserving, yaani oili ya kupunguza msuguano ili kuokoa mafuta, mrudishie. Kama hakuna alama ya JASO kabisa, mimi nisingeiweka. Unaokoa 3,000 kwa lita, lakini ulizia dukani bei ya seti ya sahani za klachi uone kama bahati nasibu hiyo inafaa.

Na kama spana bado inakutia hofu, nunua mwenyewe kopo lililofungwa, lifungue mbele ya fundi, umlipe ufundi wake. Angalau utajua kilichoingia, maana oili ya kupima kutoka kwenye pipa huwezi kuithibitisha kwa macho.

Oili chafu usiimwage mtaroni wala nyuma ya nyumba. Irudishe kwenye kopo tupu uipeleke gereji wanakokusanya kwenye pipa, kisha nawa mikono kwa sabuni kabla hujashika chakula, kwa sababu oili iliyotumika ina sumu na ikizoeleka kwenye ngozi inadhuru.