Mizani imegoma: maswali yenu kuhusu uzito

Tangu niandike kuhusu kitambi, ujumbe umemiminika kuliko siku zote, na karibu wote unauliza jambo moja kwa sura tofauti: mbona mwili haufuati hesabu? Mimi ni afisa lishe, si daktari, kwa hiyo dawa siandiki. Neno litakalojirudia ni umetaboli. Wengi mnaliita mmeng'enyo, lakini mmeng'enyo unaishia utumboni. Umetaboli ni kazi yote inayofuata: kuunguza chakula, kukiweka akiba, kukarabati mwili na kuupa joto.

Nimetoka kilo 88 hadi 79 kwa miezi minne. Nakunywa uji asubuhi, nakula mlo mmoja jioni. Sasa ni mwezi wa pili mizani imegoma palepale, tena nasikia baridi hata usiku wa joto. Nimerogwa? (Mama wa duka, Nyakato, Mwanza)

Hujarogwa, mama. Kwanza, kilo mbili tatu za mwanzo huenda nyingi zilikuwa maji. Mwili huweka akiba ya wanga kwenye ini na misuli, na kila gramu 1 ya akiba hiyo hushika kama gramu 3 za maji. Akiba ikitumika, maji nayo yanatoka, mizani inakufurahisha wiki moja, halafu inatulia.

Pili, mtumbwi wa injini ukipunguziwa mzigo unakunywa mafuta kidogo. Mwili wa kilo 79 hauhitaji chakula cha mwili wa kilo 88. Hapo hakuna fumbo.

Fumbo lipo kwenye la tatu. Mwili ukiona chakula kimepungua, unabana matumizi kupita hata hiyo hesabu ya mtumbwi. Mafuta yaliyo chini ya ngozi hutoa homoni iitwayo leptini, iliyogunduliwa mwaka 1994, ambayo huuambia ubongo kwamba akiba ipo. Ukikonda, leptini inashuka, na ubongo unafanya kama mama mwenye nyumba aliyesikia mshahara mwezi huu hautoki: taa zinazimwa, mkaa unapimwa. Tezi ya shingoni inapunguza kasi, vidole vinapoa, unakaa zaidi bila kujijua, na njaa inaongezeka.

Mwaka 1944 na 1945, katika Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, mtafiti Ancel Keys aliwapunguzia chakula wanaume 36 waliojitolea, kwa miezi sita hivi. Walipoteza karibu robo ya uzito wao. Mapigo ya moyo yalipungua, walilalamika baridi, na kutwa nzima walizungumzia chakula. Baadhi yao walianza kukusanya vitabu vya mapishi. Nguvu iliyounguzwa na miili yao ikiwa imepumzika ilishuka kwa karibu asilimia 40, na kupungua kwa kilo peke yake hakukutosha kueleza mshuko wote huo. Nikiwakumbuka wale watu huwa napandwa na hasira kidogo na anayemwambia mwenzake "huna nidhamu".

Na mwili una kumbukumbu ndefu. Mwaka 2016 zilitoka habari za watu 14 waliowahi kushiriki mashindano ya kupunguza uzito kwenye televisheni ya Marekani, waliopimwa tena baada ya miaka 6. Wengi walikuwa wamerudisha sehemu kubwa ya kilo zao, lakini miili yao bado iliunguza kama kalori 500 pungufu kwa siku kuliko ilivyotarajiwa kwa watu wa ukubwa wao. Usitishike, mama: wale walipungua makumi ya kilo kwa miezi michache, kwa mazoezi makali na chakula kidogo mno.

Kwa hiyo usikate tena chakula. Rudisha mlo wa mchana, ujaribu kukaa kwenye hiyo 79 kwa wiki kadhaa bila kupanda. Kwenye kila mlo weka dagaa, maharage au samaki wa kuchemsha, maana protini hulinda misuli, hushibisha, na yenyewe hula asilimia 20 hadi 30 ya nguvu yake katika kushughulikiwa na mwili. Mafuta hayafiki hata 5. Na kilo 9 ulizotoa ni zaidi ya asilimia 10 ya uzito wako. Kwa presha na sukari hiyo ni kazi kubwa, hata kama jirani haioni. Baridi ikiendelea pamoja na uchovu, nywele kukatika au uvimbe shingoni, nenda ukapime damu na tezi.

Shikamoo. Nilibeba magunia ya dagaa pale soko la samaki la Mwaloni miaka sita. Sasa naendesha bodaboda, nakula kilekile, kitambi kimetoka. Nikianza kukimbia jioni, si nitaweza kula ninavyotaka? (Kijana wa Igogo)

Marahaba, mdogo wangu. Hapana.

Ukivuka Simiyu kuelekea Ziwa Eyasi wapo ndugu zetu Wahadzabe, ambao baadhi yao bado wanaishi kwa kuwinda, kuchimba mizizi na kurina asali, wakitembea mwendo mrefu kila siku. Mtafiti Herman Pontzer na wenzake waliwapima kwa maji maalumu yanayoonyesha nguvu yote anayotumia mtu kwa siku. Matokeo ya mwaka 2012 yaliwashangaza wenyewe: ukizingatia ukubwa wa mwili, Mhadzabe alikuwa anatumia nguvu sawa na mtu wa Ulaya au Marekani anayeshinda kwenye kiti. Inaonekana mwili ukizoea kutembea sana, unafidia kwa kupunguza matumizi mahali pengine. Unafidia kiasi gani, wanasayansi bado wanavutana. Kubeba magunia kutwa ni kazi nzito kuliko kutembea, na kuhamia kwenye pikipiki lazima kumekupunguzia matumizi. Njaa yako tu ndiyo haikupata taarifa.

Juzi nilikwenda na mizani yangu ya jikoni kwa mama lishe mmoja karibu na soko. Alicheka, akaniruhusu. Ugali wa sahani moja ulifika gramu 640. Huo peke yake ni zaidi ya kalori 600, kabla hujamgusa sangara aliyetoka kwenye karai la mafuta, na kijiko kimoja cha chakula cha mafuta ni kalori kama 120. Kwa mbeba magunia sahani hiyo ina haki yake. Kwa dereva anayesubiri abiria kijiweni na soda mkononi, theluthi ya ugali ibaki, mboga na samaki viongezeke, na soda iwe ya sherehe.

Kukimbia kimbia, hata kupanda mawe ya Igogo kwa miguu badala ya kupandisha pikipiki hadi mlangoni. Kunashusha sukari na presha, na kunasaidia sana kilo zilizotoka zisirudi. Ila kuondoa kitambi kwa mbio peke yake, huku sahani ni ileile, ni kukomba maji kwenye mtumbwi usiozibwa tundu.

Nina miaka 47. Umri ndio umeua umetaboli wangu? (Mwalimu, Ukerewe)

La, mwalimu. Mwaka 2021 vilichapishwa vipimo vya watu zaidi ya 6,400 kutoka nchi 29, wachanga hadi wazee wa miaka 95. Kuanzia miaka 20 hadi 60 umetaboli, ukilinganishwa na ukubwa wa mwili, haubadiliki. Unaanza kushuka taratibu baada ya 60. Katikati hapo mshukiwa ni kiti, usingizi mfupi na misuli iliyopungua.

Maji ya moto na ndimu huyeyusha mafuta? (Binti, Igoma)

Ya kwenye sufuria, ukiongeza sabuni.

Kila Ramadhani napungua kilo tatu, mwezi mmoja baada ya Idi zimerudi zote. Kufunga kunaharibu umetaboli? (Baba, Pasiansi)

Kufunga kwa saa za mchana hakuuharibu, mzee wangu. Sehemu ya kilo hizo ni yale maji niliyomwelezea mama wa Nyakato, yanarudi wanga ukirudi. Zilizobaki zirudishwe na nani kama si sambusa na kaimati zilizoendelea hadi Shawwali? Kama unatumia dawa za kisukari, onana na daktari wako kabla ya mwezi kuandama, akupangie dozi.

Wifi yangu anakula kunizidi na hanenepi. Kwa nini? (Dada, Buhongwa)

Mwaka 1999 huko Marekani mtafiti James Levine na wenzake waliwalisha watu 16 kalori 1,000 za ziada kila siku kwa wiki 8. Mmoja aliongeza mafuta chini ya nusu kilo, mwingine zaidi ya kilo 4. Walioongeza kidogo walianza, bila kujua, kuhangaika zaidi: kusimama, kuzunguka, kutikisa mguu. Mtazame wifi yako akiwa anasubiri maji ya ugali yachemke. Anakaa? Ila akianza kukonda huku anakula vizuri, au anatoka jasho usiku, au ana kikohozi kisichoisha, acha utani na umsindikize kituo cha afya.