Jiko la milioni 5: hela itaishia ukutani kabla haijafika kwenye kabati

Mkuu, nimesoma swali lako mara mbili. Nyumba iko Mbagala, ina miaka kama 18, jiko lina sinki moja na meza ya mbao, umetenga milioni 5, na shemeji anataka kabati za juu na chini pamoja na graniti. Unauliza uanze na nini. Wadau wengi hapo juu wamekutajia bei za kabati kwa mita. Mimi naomba nikurudishe nyuma kidogo, kwa sababu nilianza na kabati na nikajuta.

Nyumba yetu iko Kimara, tuliinunua ikiwa imeshakaliwa. Jiko lina mita 3.2 kwa 2.8. Nilikaa na kalamu nikaandika hivi: kabati 2,400,000, graniti pamoja na kukata na kutoboa tundu la sinki 1,050,000, taili 900,000, sinki na koki 350,000, ufundi 800,000. Jumla milioni tano na nusu. Nikajiona mtu makini kweli, mpaka risiti nilikuwa naweka kwenye bahasha.

Kazi ilipokwisha bahasha ilisoma milioni 7.9. Nyongeza ya milioni 2.4, yaani bei ya kabati zote mara ya pili. Mchanganuo wake huu hapa, maana ndiyo shule yenyewe: kubomoa na kutoa kifusi (trip tatu za kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo) 230,000. Mabomba ya maji ya ukutani 420,000. Umeme 510,000. Bomba la maji machafu na chemba mpya 380,000. Saruji, mchanga na kurudia lipu 290,000. Taili zilizopungua, stori yake inakuja, 310,000. Chakula cha kununua kwa wiki sita 260,000. Ukiangalia vizuri, milioni 1.6 kati ya hizo ziliingia ndani ya ukuta na chini ya sakafu. Mgeni akija hazioni. Na hakuna hata moja niliyoiandika kwenye karatasi yangu.

Ilikuwaje? Fundi alipogonga taili za zamani, lipu ikaanguka nayo, nyuma yake tukakuta mabomba ya chuma yameliwa na kutu mpaka unaweza kuyatoboa kwa kidole. Hapo huna ujanja. Ukibandika taili mpya juu ya bomba bovu, umejiandalia kubomoa tena. Tukaweka PPR, yale mabomba ya plastiki ya kuunganisha kwa moto, na nikaongeza kitu ambacho kila nyumba ingekuwa nacho: valvu ya kufungia maji ya jikoni peke yake. Koki ikiharibika huzimi nyumba nzima.

Umeme ndio ulionitisha. Friji, birika la wati 2,000, maikrowevu na blenda, vyote vilikuwa vinakula laini moja ya waya mwembamba wa taa. Soketi moja kwa nyuma ilishaanza kuwa nyeusi. Fundi umeme akavuta waya wa milimita za mraba 2.5 kwa soketi, friji ikapewa laini yake na brekaa yake, na akaacha njia ya waya mnene zaidi kama siku moja tutanunua oveni. Kama shemeji anatumia presha kuka ya umeme, hili usilipuuze hata kama itabidi graniti isubiri mwaka mzima.

Maji machafu ni aibu yangu binafsi. Bomba la sinki lilikuwa halina mteremko, na tuligundua wakati sakafu imeshawekwa taili nusu. Ikabidi zivunjwe. Ningeweza kujua mapema bila senti tano: jaza ndoo mbili, zimwage kwa mpigo kwenye sinki, mtu mwingine afunue chemba ya nje aangalie. Maji yakitoka kwa kusuasua, mteremko hakuna au mafuta yameziba. Bomba linahitaji kushuka kama sentimita 2 kwa kila mita. Fanya hilo jaribio Jumamosi hii, kabla hujaita fundi yeyote.

Sasa mambo ya taili. Fundi alisema boksi nane zinatosha ukuta. Ukuta wenyewe ulikuwa mita za mraba 11, na boksi la taili za 30 kwa 60 lenye vipande nane linafunika 1.44. Weka asilimia kumi ya kukatika, unapata 12.1, gawanya, ni boksi tisa. Hesabu ya darasa la sita, lakini nilimwachia fundi. Tulipopungukiwa nilirudi dukani nikakuta toleo lile limeisha, lililokuwepo lina jina lile lile ila rangi imepauka kidogo. Ukutani ilionekana kama kiraka kwenye kanzu. Tukabandua ukuta mmoja mzima. Kwa hiyo siku ya kununua, soma namba ya toleo kwenye kila boksi, zote zifanane, na chukua boksi moja la ziada uliweke chini ya kitanda.

Na ununue mwenyewe. Duka analokupeleka fundi lina cha juu chake, tusidanganyane. Mchukue mwende wote Gerezani, Kariakoo, achague ubora, ila bei uulize wewe, maduka matatu tofauti, na yeye akiwa amesimama mbali. Kwa koki, ipime kwa mkono: nyepesi kama plastiki iache. Huko kwenu kama mnatumia kisima chenye chumvi, koki ya bei poa inaota kutu kabla mvua mbili hazijapita.

Kuhusu kabati zenyewe, nina ugomvi kidogo na waliotangulia. Wote wanasema MDF, zile mbao za unga wa mbao uliogandamizwa. Mimi niliweka MDF, na chini ya sinki ilivimba kama andazi ndani ya miezi minane. Fundi hakuwa fundi maiko, kazi yake ilikuwa safi. Mbao zile tu hazipatani na maji. Nikabomoa kipande hicho, nikajenga tofali na slabu nyembamba ya zege, ndani taili, mlango wa aluminiamu. Kwa milioni 5 ningekushauri kabati zote za chini uzifanye hivyo. Slabu inabeba graniti bila wasiwasi, mchwa hawana cha kula, na hata kama graniti utaiweka mwakani, unaweza kubandika taili juu yake ukaendelea kupika. Slabu imwagiliwe maji walau wiki moja kabla ya kuiwekea mzigo, usikubali kuharakishwa. Za juu weka za mbao, huko hakuna maji.

Fundi wa kabati asipime kabla taili hazijawekwa. Taili na gundi yake zinakula karibu sentimita 2 kila upande, na wangu alikuja na kabati ambalo halikuingia kwenye nafasi yake. Alishachukua asilimia 70 ya hela, akaondoka nalo "kulirekebisha", akapotea wiki tatu. Simu inaita, haipokelewi. Toka siku hiyo malipo yangu ni kwa hatua: kidogo cha kuanzia, kingine kazi ikifika nusu, na sehemu ya tano ya hela nabaki nayo mpaka tupike na kuosha vyombo kwa wiki nzima.

Jambo jingine ambalo hakuna aliyeligusa: muulize shemeji anapika vipi, sio anataka jiko la rangi gani. Mimi nilichora meza ya sentimita 90 kwa sababu ndivyo nilivyoona kwenye picha za mitandaoni. Mama watoto akanitazama, akaniuliza, "Baba Neema, wewe umewahi kusonga ugali humu ndani?" Nikanyamaza. Akachukua futi. Meza 90, jiko la gesi la mezani juu yake 12, sufuria ya kulisha watu saba 18. Ukingo wa sufuria unafika sentimita 120, na yeye ana urefu wa 155. Angesonga mikono ikiwa usawa wa mabega. Tukashusha kipande cha jiko la gesi hadi sentimita 70, kwingine tukaacha 88. Ukitazama unaona ngazi, na fundi alisema inaharibu muonekano. Aharibikiwe yeye, hasongi.

Pia alinikumbusha kwamba maharage na makande yanapikwa nje, kwenye mkaa, uani. Nyumba nyingi za kwetu jiko la ndani ni la chai na kupasha, kazi nzito iko nje. Kama kwenu ni hivyo, toa laki tatu kwenye hiyo milioni 5, weka kibanda kizuri cha uani chenye koki na karo la kuoshea vyombo vyenye masizi. Sinki la ndani litakushukuru.

Mtungi wa gesi usiufungie ndani ya kabati lisilopumua. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, ikivuja inatulia chini, hivyo matundu yawe chini ya mlango wa kabati, usawa wa sakafu. Sisi tulitoboa ukuta mtungi ukakaa nje ndani ya kizimba cha nondo chenye kufuli. Kila ukibadilisha mtungi paka povu la sabuni kwenye regyuleta na maungio. Likitoa mapovu, funga.

Muda: nilianza mwisho wa Februari, masika ikanikuta lipu mbichi. Haikukauka, rangi ikatoka mabaka. Anza Juni au Julai. Na tenga hela ya kula. Wiki mbili za mwanzo chipsi na wali wa mama ntilie ni sherehe kwa watoto, ya tatu wanaanza kuuliza jiko linaisha lini.

Kwa hiyo milioni 5 yako mimi ningeigawa hivi: milioni 1.5 iende kwenye maji, umeme na maji machafu kwanza, laki saba usiiguse kabisa, iwe ya dharura, na 2.8 inayobaki ndiyo uizungumzie na shemeji. Hapo graniti huenda ikakosa nafasi mwaka huu. Ukikuta mabomba ni mazima, umepata bahati, graniti inarudi.

Tupia picha mbili hapa: chini ya sinki kwa ndani, na ukuta wa nyuma yake kwa nje. Kama rangi ya nje imevimba au ina chumvi nyeupe, huenda bomba linavuja humo. Na utuambie majibu ya zile ndoo mbili.