Mikono yako iko wapi saa hii

Mtoto wangu,

Mesaji yako niliisoma asubuhi, nikairudia saa sita, na sasa ni usiku, umeme umekatika na simu iko 30% ndo nakuandikia hivi polepole. Unaniuliza: "Mama, kama ningekuambia mbele ya kupanda ndege kwenda Istanbul kupandikizwa nywele, ungenikataza?" Na chini yake ile picha. Macho yamevimba mpaka sikujua kama ni wewe, nikafikiri watu wamekupiga njiani, dada yako ndiye alinikalisha chini akanisomea tena maneno vizuri.

Nitakujibu. Lakini niambie kwanza, mikono yako iko wapi saa hii?

Juu umeandika kwamba ni siku ya nne na tangu jana inawasha. Hiyo ndo inanitia woga, macho hapana. Macho ni maji tu. Ile ganzi na yale maji waliyokudunga chini ya ngozi ya kichwa lazima yatafute pa kwenda, na maji yanashuka, siku ya pili yako kwenye paji la uso, ya tatu ao ya nne yamefika kwenye kope, kisha yanaisha yenyewe, wiki haipite. Ndo maana walikuambia ulale kichwa kikiwa juu, mito miwili mitatu nyuma ya mgongo kama mtu wa pumu, na usiiname, hata kamba za viatu mwombe mtu akufungie, na kusali sali umekaa, Mungu anaona. Nilitunza wagonjwa miaka 31, uvimbe wa namna hiyo ukitokea siku hizo na kupungua haunisumbue. Usaha, homa, maumivu yanayozidi badala ya kupungua, hapo unarudi kwa daktari siku ileile, usiningoje mimi nijibu.

Mimi naogopa kucha zako. Nimeshawaambia mara ngapi mu hii nyumba, kidonda kinataka mikono iliyotulia.

Unasema walihamisha mizizi 2800, kutoka kisogoni kuja mbele, kila mmoja na katundu kake. Sawa. Ila ile mizizi haijashika bado, inashikwa na damu iliyokauka tu, na ngozi inahitaji karibu siku kumi mpaka iikamate kweli. Ukivuta gaga moja leo, mzizi unatoka nalo. Na wewe nakujua.

Unakumbuka kidonda cha 2002? Wewe utasema unakumbuka, lakini unakumbuka cha mtoto, mimi nina changu. Nyiragongo, mlima wetu wa moto wa hapa Goma, ililipuka tarehe 17 mwezi wa kwanza, nyumba ya Birere ikaisha, tukalala Gisenyi, ng'ambo ya mpaka kule Rwanda, nje na watu wote wale, na siku tuliyorudi ilibidi tukate njia pale moto ulipopita ili tufike Katindo kwa shangazi yako. Mawe yalikuwa meusi juu lakini chini bado yanawaka, viatu vya plastiki vya dada yako vilianza kulainika, nikambeba. Wewe ulikuwa na miaka 13, unajiona mwanaume, umebeba sufuria kichwani, unarukaruka. Ukaanguka kinyumenyume. Ile lava mpya inakata kama chupa. Nilikuta kisogo kimefunguka, damu imejaa kwenye kola, na wewe unauliza kama sufuria imepasuka.

Mwenzangu wa kazi alikushona nyuzi tano kwa shangazi. Siku ya nne, sikia vizuri, siku ya nne ikaanza kuwasha. Ukakuna. Ukang'oa gaga, kidonda kikafunguka, nikasafisha kwa maji ya chumvi niliyochemsha, nikafunga. Ukakuna tena. Mara ya pili harufu ilikuwa imebadilika, na dawa mu mji mzima hakuna, nikaona mtoto wangu aliyepona moto atakufa na kucha zake mwenyewe. Usiku huo nilipasua kipande cha kitenge changu cha bluu, nikakufunga mikono. Nikaifunga kweli, kwa fundo. Ulilia mpaka nikasikia wale wa chumba kingine wamenyamaza.

Papa yako hakusema kitu. Alingoja nilale.

Alfajiri nilikukuta umelala bila kitenge. Papa yako amekaa chini, mgongo kwa ukuta, kofia yake juu ya goti, mikono yako miwili iko ndani ya mikono yake, na yeye analala hivyohivyo amekaa, mdomo wazi. Bandeji haijasogea hata kidogo. Na mimi badala ya kushukuru nilimwambia, tena mbele ya dada yake, "Ndo vile unamharibu mtoto." Alifungua macho akaniangalia, akavaa kofia yake, akatoka kutafuta maji. Alifanya hivyo usiku saba kufuatana, sikumwambia kitu tena, wala pole. Alikufa sijamwambia pole. Nilikuwa na haki juu ya kidonda, mikono ilipaswa kutulia, mpaka leo nasema hivyo. Lakini yeye pia aliituliza, na hakukuliza. Sijui. Labda ningekuwa nimelala usiku mmoja mzima toka Birere ningefikiria njia yake.

Sasa kule hotelini nani anakushika mikono? Vaa soksi mikononi ukilala, usione haya, hakuna anayekuona. Ule mto wa shingo wa ndege uvae usiku, utakuzuia kujigeuza. Ikiwasha pulizia yale maji ya chumvi waliyokupa, usisugue. Kuosha, fanya vile walivyokuonyesha, povu unaliweka kwa kiganja, unaliacha lilainishe, kisha unamwaga maji ya vuguvugu kwa kikombe, usisimame chini ya bomba linalopiga kwa nguvu. Magaga yataanguka yenyewe wiki ya pili. Kunywa pombe hapana, sigara najua uliacha, nitaamini hivyo. Na mkono ukianza kupanda usiku, nipigie simu. Hata saa nane. Mimi silali sana siku hizi.

Kitu kingine, juu najua utaogopa: wiki ya tatu hivi, zile nywele mpya zitadondoka. Karibu zote. Usilie na usimpigie daktari makelele, mzizi unabaki chini, umelala. Zinaanza kurudi mwezi wa tatu wa nne, na sura yenyewe utaiona baada ya mwaka. Na nywele zetu sisi, vile zimejikunja juu ndo zimejikunja hata chini ya ngozi, kuzitoa bila kuzikata ni kazi kubwa, kwa hiyo kama huyo daktari alienda polepole, mshukuru.

Unataka kujua kama ningekukataza. Wewe unafikiri ningesema "papa yako alikuwa na upara toka miaka 30 na nilimpenda hivyo." Na ningesema kweli, juu ndivyo ilivyokuwa. Kile kichwa nilikipaka mafuta miaka mingapi. Hakujali, nimewaambia siku zote papa yenu hakujali. Lakini nikisema hivyo nakumbuka kale kakioo kake, kale alikokaning'iniza kwenye msumari karibu ya mlango, na kila asubuhi alilowesha zile nywele chache za pembeni akazilaza kwa kiganja, taratibu, mara mbili tatu, akajiangalia, kisha ndo akavaa kofia. Kila asubuhi. Hata siku ya kwenda shamba. Mtu asiyejali hafanye hivyo. Kwa hiyo sijui tena. Na ile pesa, mtoto wangu, ile pesa na paa la huku vile linavuja... hapana. Nimesema sitasema. Ni kichwa chako na ni jasho lako, na jibu langu ninalo, tena limefika hapa kwenye ulimi, lakini kukupa hukumu na wewe uko na vidonda 2800 mbele na vingine nyuma, hapana. Upone kwanza. Kidonda kinataka mikono iliyotulia, na sikio pia litulie. Utapita Kigali, utavuka hapa mpakani, utakuja na kofia pana isiyobana, na moto, zile pikipiki za abiria, utazikataa, watakupa helmeti ikukwangue, utachukua taksi. Nitakuambia hapo mezani.

Kitu kimoja tu kinanikosesha usingizi. Walitoa nywele kisogoni, na kovu la 2002 liko kisogoni. Ulimwambia daktari? Ulimwambia kama dada yako sikio lake liliota nyama siku alipotobolewa, kwamba makovu ya kwetu yanavimba? Sikuona nyuma, umenitumia uso tu, picha tatu zote za uso.

Kesho kukipambazuka geuza simu, usiguse kitu, na unitumie picha ya kisogo. Nataka nione kama limefunguka.

Mama yako