Kabla Hujalipia Tairi, Soma Ubavuni

Siku gari liliponitelezea kwenye mvua, kashata za matairi yangu, yaani yale meno ya mpira yanayokanyaga barabara, zilikuwa bado nene kabisa. Nilikanyaga breki kwenye mteremko, usukani ukawa mwepesi mkononi, gari likaserereka mpaka likagonga ukingo wa barabara. Namshukuru Mungu hakuna aliyeumia.

Fundi alipochuchumaa kukagua tairi, kashata hata hakuzitazama. Alibonyeza mpira kwa ukucha, ukucha haukuzama hata kidogo. Kisha akapangusa tope ubavuni, akanionyesha tarakimu 4 mwishoni mwa maandishi yanayoanza na DOT: 1209. Yaani tairi lilitengenezwa wiki ya 12 ya mwaka 2009. Mimi nilikuwa nimeuziwa miezi michache tu nyuma, nikiambiwa ni jipya!

Mpira huzeeka hata ukikaa stoo. Unakauka, unakuwa mgumu, na mpira mgumu haushiki lami iliyolowa. Siku hizi tairi lililozidi miaka 3 tangu litengenezwe silinunui, hata nikipunguziwa bei.

Ukishaona umri, angalia unapopita kila siku. Kwa mvua, tafuta tairi lenye mifereji mipana inayolizunguka, maana ndiyo inayotoa maji chini yake. Mifereji ya tairi jipya la gari dogo huwa na kina cha karibu milimita 8. Sheria za nchi nyingi zinaruhusu mpaka 1.6, lakini mimi nabadilisha likifika 3. Chini ya hapo, maji yakiwa mengi hayapati pa kutokea, na gari linaanza kuelea juu yake.

Kwenye theluji, au baridi ya chini ya nyuzi 7 za Selsiasi, mpira wa kawaida hukakamaa. Hapo chukua lenye alama ya mlima wa vilele 3 na chembe ya theluji ndani yake. Joto likirudi livue, kwa sababu mpira wake ni laini na utaisha haraka.

Matairi ya matope yanavutia macho, nayo yaliwahi kunivutia. Niliyafunga kwa ajili ya safari mbili za porini kwa mwaka. Siku nyingine zote yalinguruma kwenye lami, yakala mafuta, na mvua ikinyesha gari lilichelewa kusimama. Kama safari zako nyingi ni za lami, nakusihi, nunua la lami.

Ukiwa na pesa ya mawili tu, mapya yafungwe nyuma, hata kama gari linavutwa na magurudumu ya mbele. Mbele ikiteleza, ukiachia mafuta gari hurudi njiani. Nyuma ikiteleza, linazunguka kabla hujajua la kufanya.

Upepo upime asubuhi, gari halijatembea, kwa kufuata kibandiko kilichopo kwenye fremu ya mlango wa dereva. Namba ya upepo iliyoandikwa kwenye tairi lenyewe ni kikomo chake, usijaze kufikia hapo.