Sentrifuji ya damu haitakupa ribosomu

Ndugu yangu wa Bukavu, umeuliza kama sentrifuji ya damu (mashine inayozungusha mirija kwa kasi ili vitu vizito vishuke chini) ya mizunguko 4,000 kwa dakika itatenga ribosomu, yaani vichembe vidogo sana vya seli vinavyotengeneza protini, za ini la mbuzi. Haiwezi. Viini vya seli utavipata, vinashuka kwa takriban 1,000 g (yaani nguvu mara 1,000 ya mvutano wa dunia) ndani ya dakika 10. Mitokondria, sehemu za seli zinazotoa nishati, zinataka kama 10,000 g, na ribosomu 100,000 g au zaidi, tena kwa saa nzima na kuendelea. Usiangalie mizunguko peke yake: rota (sehemu inayoshika mirija na kuzunguka) iliyo pana inatoa g kubwa zaidi kwa mizunguko ileile.

Lakini wengi wanaharibu kazi kabla hata ya kuwasha mashine. Nunua ini bichi la asubuhi pale soko la Kadutu, likate vipande vidogo, ulisage polepole ndani ya maji ya sukrosi (sukari ya kawaida) ya 0.25 M, yaani moli 0.25 kwa lita, chombo kikae kwenye barafu muda wote. Ukitumia maji matupu, lisosomu, vifuko vya seli vyenye vimeng'enya vya kusaga vitu, zitapasuka na vimeng'enya vyake vitakula kila kitu. (Christian de Duve wa Louvain alizitambua lisosomu mwaka 1955 kwa njia hii hii, kwa ini la panya.)

Anza na viini. Mashapo, yaani kile kinachotuama chini ya mrija, yapake bluu ya metileni, uyaangalie kwa hadubini.