Ulimwengu ukiwa na mwanzo, ndiyo Mungu kathibitishwa?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nasoma kidato cha sita. Kaka yangu aliye chuo anasema Mlipuko Mkuu (Big Bang) umeshaeleza ulimwengu ulivyotokea, kwa hiyo Mungu hahitajiki. Baba mdogo, ambaye ni mwinjilisti, anasema Mlipuko Mkuu huohuo ndio ushahidi kwamba Mungu aliumba. Mama amepiga marufuku mada hii wakati wa chakula. Nani yuko sahihi?
– Msomaji, Dodoma

JIBU: Marahaba mwanangu. Wote wawili wanaitumia nadharia ambayo mwasisi wake alikataa itumiwe hivyo, na alikuwa padri.

Georges Lemaître, mwanafizikia wa Ubelgiji, alipewa upadri mwaka 1923. Mwaka 1927 alizichukua hesabu za Einstein akaonyesha kwamba ulimwengu unatanuka. Einstein akamwambia hesabu zake ni sahihi ila fizikia yake inachukiza. Lemaître hakurudi nyuma: mwaka 1931 aliandika kwamba kama vitu vinazidi kuachana, basi zamani vilikuwa vimebanana pamoja. Fred Hoyle, mwanaastronomia wa Uingereza ambaye hakuwa muumini, aliipinga nadharia hiyo miaka yote, na ndiye aliyeipa jina la Mlipuko Mkuu, kwenye redio ya BBC mwaka 1949. Kisha mwaka 1951 Papa Pius XII akahutubia wanasayansi na kusema kama anavyosema baba mdogo wako: sayansi imeshuhudia uumbaji.

Hapo ndipo nilipokuwa nikiweka chaki chini darasani, kwa sababu ungetegemea padri afurahi. Hakufurahi. Mwaka 1958, mkutanoni Brussels, alisema wazi kwamba nadharia yake iko nje ya swali la dini, na asiyemwamini Mungu yuko huru kuikubali bila kubadili msimamo.

Alikuwa na sababu. Nadharia inasimulia jinsi ulimwengu ulivyobadilika kutoka hali ya joto kali na msongamano, miaka kama bilioni 13.8 iliyopita. Haisemi kwamba hapakuwa na kitu kabisa kisha kikatokea kitu. Ukirudi nyuma mno, hesabu za Einstein zenyewe zinafika mahali hazitoi jibu. Kaka yako anaposema imeeleza yote, anaidai zaidi ya ilichoahidi. Na baba mdogo anayemweka Mungu kwenye pengo hilo namwonea wasiwasi. Newton alifikiri Mungu huzirekebisha njia za sayari mara kwa mara zisivurugike. Baadaye Laplace, mwanahisabati wa Ufaransa, akaonyesha kwa hesabu kwamba mabadiliko ya mwendo wa sayari za Mshtarii na Zohali yanatokana na mvutano wao wenyewe. Pengo likafungwa, na hoja iliyoegemea pengo ikaanguka nalo.

Mimi ni Muislamu, na namwamini Muumba kwa moyo wote. Lakini siitegemei tarehe. Ibn Sina, mwanafalsafa wa Kiislamu aliyefariki mwaka 1037, aliona ulimwengu hauna mwanzo katika wakati, na bado akashikilia kwamba unamhitaji Mungu, kwa kuwa kila tunachokiona kingeweza kutokuwepo. Ghazali, mwanazuoni wa Kiislamu, alimpinga vikali kuhusu huo mwanzo. Kwa upande wenu Wakristo, mwanateolojia Thomas Aquinas aliamini ulimwengu ulianza, ila akasema hilo tunalijua kwa imani, akili peke yake haiwezi kulithibitisha. Chemli inayowaka ilihitaji kiberiti magharibi, lakini inahitaji mafuta dakika hii pia. Mimi nauliza juu ya mafuta.

Kaka yako ana jibu, nawe ulisikilize kwa heshima. Mwaka 1948 mwanafalsafa Bertrand Russell alijadiliana redioni na padri Frederick Copleston, akasema ulimwengu upo tu, basi. Fizikia haiwezi kumkosoa. Mimi jibu hilo halinitoshi: kila kitu nilichowahi kukipima nimekiuliza kwa nini kiko hivi, na sioni haki ya kunyamaza nikifika kwenye kitu kikubwa kuliko vyote. Atauliza, na Mungu je, katoka wapi? Muumini hujibu kwamba Mungu ni yule asiyeweza kutokuwepo. Kama mwenye sifa hiyo yupo kweli, huo ndio ubishi wenyewe, na hakuna darubini ya kuumaliza.

Kwenye mtihani andika ushahidi: galaksi zinazoachana, gesi ya heli ambayo ni karibu robo ya uzito wa maada ya kawaida, na mionzi iliyogunduliwa na Penzias na Wilson mwaka 1964, inayotoka kila upande wa anga ikiwa na joto la nyuzi 270 hivi chini ya sifuri. Usimtaje Mungu pale, wala usimkane.

Nyumbani, mwombe mama kwa adabu aruhusu maswali mawili tu. Kaka aulizwe: kama nadharia hii kesho ikionekana ina kasoro, utaanza kusali? Baba mdogo aulizwe: na wewe, utaacha?