Admini aliyenitoa kwenye grupu kaniuliza jina la bendi

Juzi saa tano usiku nimeshazima taa, simu ikawaka. Ni yule dada admini wa grupu la WhatsApp la mashabiki wa muziki wa Kikorea, yule yule aliyenitoa. Hata salamu hakuna: "Ile bendi yako inaitwaje vile?"

Nilicheka hadi mdogo wangu akaamka.

Kwa wageni hapa, kisa chenyewe ni hiki. Kama wengi wenu, mimi niliingilia mlango wa BTS, lile kundi la vijana wa Korea. Oktoba 2018 RM, rapa wao, akatoa mono, mkusanyo wa nyimbo saba, na wa sita kaishirikisha bendi inayoitwa Nell. Wenzangu wakawa wanachambua mashairi ya RM, mimi nimenasa kwenye ile sauti nyingine, nyembamba, kama mtu anayeongea na ukuta. Kumbe ndiye Kim Jong-wan, mwimbaji na mtunzi wao.

Kwa hiyo ushauri wa kwanza: soma jina la aliyeshirikishwa. Usilipite.

Bendi ilianza 1999 huko Seoul, vijana wanne, wakipiga kwenye vilabu vidogo vya Hongdae, mtaa wa muziki wa mji huo. Mwaka 2001 wakatoa albamu mbili, kisha wakachukuliwa na lebo ya Seo Taiji, mtu aliyeupindua muziki wa Korea miaka ya 90. Mwaka 2008 ikaja albamu ya Separation Anxiety, halafu jeshi la lazima likawanyamazisha hadi 2012. Ni kama JKT, ila kule hakuna kukwepa. Miaka minne kimya, na walirudi wale wale wanne! Bendi ngapi zinaweza?

Albamu hiyo ya 2008 niliisikiliza miezi kwenye daladala la Mbagala, hedifoni upande mmoja umekufa. Wimbo wake mmoja, Time Walking on Memory, ambamo Kim anamwimba mtu aliyeondoka lakini bado yumo kila anapogusa, niliujua kwa sikio la kushoto tu. Siku moja rafiki yangu akaniazima hedifoni nzima. Tupo Mtoni, foleni haisogei, gitaa likaniingia sikio la kulia. Nikasimamisha wimbo, nikamkodolea macho konda kana kwamba yeye ndiye kalipiga.

"Vipi dada, unashuka?"

Usiku ule nikaandika grupuni ujumbe mrefu kuhusu Nell, kwa moyo mmoja. Jibu likaja mstari mmoja, "Hapa si pa makelele", kisha nikaona nimetolewa. Makelele! Watu wanaopiga taratibu kama manyunyu ya alfajiri! Niliumia, na sitajifanya yameisha.

Basi nyie mnaotaka kuwa na masikio yenu wenyewe, acheni kungoja chati iwachagulie. Sikiliza albamu nzima. Tafuta tafsiri ya mashairi, soma, kisha sikiliza tena nzima. Ukiruka nyimbo, usije kuniambia bendi haikukuingia. Mnaruka sana, jamani. Wimbo haujafika sekunde ishirini, kidole kimeshasogea.

Nilikaa na ule ujumbe wa admini siku mbili bila kuujibu, nakiri, kwa kiburi tu. Leo asubuhi nikamwandikia: Nell. Aanze na ya 2008, kisha Slip Away ya 2012, na atafute hedifoni inayosikika pande zote mbili.

Tiki mbili za bluu. Kimya.